Kifundo cha mkono "kiko kawaida": kwa namba ipi, na mkono ulilazwaje?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie neno moja linalojaa kwenye karatasi za majibu ya eksirei hapa Dar es Salaam: "kawaida". Mtu kaanguka na bodaboda Mbagala, au kateleza kwenye ngazi zenye maji Kariakoo, kajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavimba. Anapigwa picha, anarudi na bahasha, na ndani yake mna mstari mmoja: kifundo kiko kawaida. Au baada ya wiki 6 za hogo anaambiwa mfupa umeunga na mpangilio ni wa kawaida. Neno hilo lina namba nyuma yake. Namba hizo hupimika kwa rula na kipimapembe, ila zina maana pale tu mkono ulipolazwa sawasawa mezani kabla kitufe hakijabonyezwa. Tunaandika kuomba namba ziandikwe, na namna mkono ulivyolazwa iandikwe pamoja nazo.

Kwa msomaji asiye wa fani, kifundo ni mahali ambapo mifupa miwili ya kigasha inakutana na mifupa 8 midogo ya kiganja. Rediasi iko upande wa kidole gumba, ndiyo nene huku chini na ndiyo inayovunjika mara nyingi. Alna iko upande wa kidole cha mwisho. Ile midogo imepangwa safu mbili. Iliyo karibu na kigasha ni skafoidi, lunati yenye umbo la mwezi mwandamo, triketramu, na pisifomu iliyo kama punje ya njegere. Safu ya mbele ni trapeziamu, trapezoidi, kapiteti na hameti. Mtu akijikinga kwa kiganja, uzito wote wa mwili unapita hapo.

Vipimo vya msingi ni vinne. Vitatu vinatoka kwenye picha ya kiganja chini, kimoja kwenye picha ya ubavu. Vyote vinaanza na mstari mmoja: mhimili wa rediasi. Unaupata kwa kutia nukta katikati ya upana wa mfupa mara mbili, sentimita 3 na sentimita 5 juu ya kiungo kuelekea kiwiko, kisha unaziunganisha. Hapo kosa la kwanza linajitokeza. Mpiga picha akibana sana taa ya mashine, yaani eneo linalopigwa picha, rediasi inakatwa sentimita 2 au 3 juu ya kiungo na nukta ya pili haipatikani. Mpimaji anakisia mhimili, na kila namba inayofuata ni mtoto wa kisio hilo. Picha ya kupimia ianzie kwenye kichwa cha metakapali ya 3 (mfupa mrefu wa kiganja unaobeba kidole cha kati), yaani fundo la kidole hicho, ishuke hadi walau sentimita 6 za rediasi. Kwa mtu mzima hiyo ni kama sentimita 18 za urefu wa taa, na filamu ya kawaida inatosha.

Mstari wa mhimili ukishapatikana, chora mwingine unaoukata kwa nyuzi 90, upite kwenye kona ya uso wa rediasi iliyo upande wa alna. Kutoka kona hiyohiyo chora mstari hadi ncha ya rediasi upande wa kidole gumba. Pembe kati ya mistari hiyo miwili ndiyo mwinamo wa rediasi. Wastani wake ni nyuzi 22 hivi, na kwa watu wazima wenye afya hupatikana kuanzia 13 hadi 30. Umbali wa kwenda upande wa vidole, sambamba na mhimili, kutoka ule mstari wa nyuzi 90 hadi ncha ni kimo cha rediasi, wastani milimita 11 hadi 12. Vipimo hivi viwili vinachungana. Kama uso wa rediasi una upana wa milimita 29 na mwinamo ni nyuzi 22, kimo lazima kikaribie milimita 12. Ukisoma jibu linalosema nyuzi 22 na kimo cha milimita 7, usihangaike na mfupa, kwa sababu kilichoharibika ni skeli ya picha.

Cha tatu ni tofauti ya urefu kati ya alna na rediasi. Kutoka ule mstari wa nyuzi 90 unapima hadi uso wa kichwa cha alna. Alna ikiwa imezidi, namba ni chanya; ikiwa imepungua, ni hasi; ndani ya milimita 1 huku au huku tunasema zimelingana. Wanaoanza kazi hupima hadi kwenye ncha ya kijimwiba cha alna, kile kichomozo kilicho mwisho wake upande wa kidole cha mwisho, wakapata milimita 5 au 6 na kumtisha mgonjwa bure. Kijimwiba hakihesabiki. Kinachohesabika ni uso laini wa kichwa cha alna unaotazamana na kiganja.

Cha nne kinatoka kwenye picha ya ubavu: mlalo wa uso wa rediasi kuelekea kiganjani. Unaunganisha ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, kisha unapima pembe yake na mstari wa nyuzi 90 wa mhimili. Wastani ni nyuzi 11, na kuanzia 0 hadi 20 si ajabu. Mlalo ukigeuka kuelekea mgongo wa mkono tunauandika kwa alama ya kutoa. Tafadhali alama hiyo isisahaulike. Mfupa uliotoka 11 kwenda kutoa 10 umegeuka nyuzi 21, na karatasi iliyoandikwa "10" bila alama inamwambia daktari kwamba mambo ni shwari. Huo ndio mvunjiko wa Colles, ambao Abraham Colles wa Dublin aliueleza mwaka 1814 kwa kutazama na kushika tu, miaka 81 kabla eksirei haijagunduliwa. Sisi tuna picha na tuna kipimapembe, kwa hiyo hatuna sababu ya kuandika neno moja.

Uzito wa namba hizi unaonekana kwenye maamuzi. Mwongozo wa madaktari wa mifupa wa Marekani wa mwaka 2009 ulipendekeza upasuaji pale ambapo, baada ya mfupa kurudishwa, rediasi bado imefupika kwa zaidi ya milimita 3, au imelala kuelekea mgongo wa mkono kwa zaidi ya nyuzi 10, au uso wa kiungo una ngazi ya zaidi ya milimita 2. Kwa wazee wa miaka 65 na zaidi mizani ni nyingine, maana wengi wao huendelea vizuri hata mfupa ukiunga ukiwa umepinda kiasi. Kwa kijana fundi, milimita 3 ni tofauti kati ya hogo na chumba cha upasuaji. Na milimita 3 ni kitu ambacho picha mbaya hukizalisha au kukificha bila shida yoyote.

Sasa tuje kwenye meza yenyewe, maana hapa ndipo kazi inapoharibika.

Kwa picha ya kiganja chini mgonjwa akae ubavuni mwa meza, bega limeinuliwa hadi usawa wa meza, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kiganja kimelala bapa. Bega, kiwiko na kifundo vyote vitatu viwe kwenye usawa mmoja. Kiti kikiwa kirefu, bega linabaki juu na mkono unashuka kama mteremko. Dawa yake ni kiti kifupi, au mto chini ya kaseti (bamba linalopokea picha). Kidole cha kati kifuate mstari wa rediasi. Mkono usipindwe kuelekea kidole gumba wala kidole cha mwisho. Taa ilenge kapiteti, katikati ya kifundo, kutoka sentimita 100. Kilovolti 50 hadi 60 zinatosha, na gridi (wavu wa kuchuja mionzi iliyotawanyika) haihitajiki.

Kwa nini tunasisitiza bega na kiwiko? Kwa sababu rediasi huizunguka alna. Mgonjwa akinyoosha kiwiko na kulaza kiganja mezani huku bega liko chini, kama wanavyofanya wengi wanaopigwa picha wakiwa kwenye machela, kigasha kinajisokota na rediasi inapita juu ya alna kwa mshazari. Inakuwa kama imefupika, na alna inaonekana imezidi. Kiganja kikigeuzwa juu, mambo yanakuwa kinyume. Mgonjwa akikunja ngumi kwa nguvu kwa sababu ya maumivu, alna inazidi tena, mara nyingine kwa milimita 1 au 2. Mkono mmoja, siku moja, unaweza kutoa hasi 1 asubuhi na chanya 1 mchana, na mifupa haijasogea popote isipokuwa pale meza ilipoipeleka.

Tofauti hiyo si ndogo. Majaribio ya maabara ya Palmer na Werner miaka ya 1980 yalionyesha kwamba kwenye kifundo cha kawaida rediasi hubeba karibu asilimia 80 ya mzigo na alna asilimia 20. Alna ikirefushwa milimita 2.5 tu, sehemu yake inapanda hadi karibu asilimia 42. Ikifupishwa milimita 2.5, inashuka hadi kama asilimia 4. Milimita hizo chache ndizo zinazomfanya daktari afikirie kwamba maumivu ya upande wa kidole cha mwisho yanatokana na alna kugongana na lunati. Akifikiri hivyo kwa sababu ya kiti kirefu, mgonjwa ataumizwa bure.

Picha yenyewe huacha ushahidi wa namna ilivyopigwa, na ushahidi huo husomeka hata wiki moja baadaye. Kijimwiba cha alna kionekane kwenye ukingo wa nje kabisa. Kikiwa katikati ya kichwa cha alna, kigasha kilikuwa kimegeuka. Mfereji mdogo wa kano inayopita nyuma ya alna uonekane upande wa ndani wa kijimwiba, kuelekea rediasi. Metakapali ya 3 ifuate mhimili wa rediasi. Skafoidi ikionekana fupi na ina duara jeupe kama pete ndani yake, huenda mkono ulipindwa tu kuelekea kidole gumba, si lazima kano iwe imekatika. Mambo haya matatu au manne yanakaguliwa kwa nusu dakika, mgonjwa akiwa bado yupo chumbani. Akishafika kituo cha daladala, hakuna wa kumrudisha.

Picha ya ubavu ni ngumu zaidi. Kiwiko kinakunjwa nyuzi 90 na kubanwa kwenye mbavu, upande wa kidole cha mwisho unalala mezani, kidole gumba juu. Kifundo kisikunjwe mbele wala nyuma. Hakimu wa picha hii ni ile njegere, pisifomu. Ukingo wake wa mbele unatakiwa uangukie kati ya ukingo wa mbele wa skafoidi na ukingo wa mbele wa kapiteti. Ukiwa nje ya hapo, mkono umezunguka, na kila nyuzi 5 za mzunguko zinabadilisha mlalo kwa kama nyuzi 1.6. Mzunguko wa nyuzi 20 ambao jicho la haraka haliuoni utakuharibia nyuzi 6 za jibu. Kabari ya sponji nyuma ya kiganja, ikashikiliwa na kifuko cha mchanga, inamaliza tatizo hilo kwa gharama ya kipande cha godoro.

Kuna mbinu nzuri ya kuuona uso wa rediasi bila ncha yake kuukinga: kigasha kinainuliwa nyuzi 22 kutoka mezani, kiwiko kikibaki chini. Kwa kigasha cha sentimita 25, kifundo kinapanda kama sentimita 9. Picha inatoka safi na mlalo unasomeka vizuri. Lakini usipime milimita kwenye picha hiyo! Kifundo kilichoinuka sentimita 9 hadi 10 kutoka kwenye kaseti, mashine ikiwa sentimita 100, kinakuzwa kwa sehemu 100 kwa 90, yaani asilimia 11. Milimita 2.8 za kweli zinasomeka 3.1, na mgonjwa kavuka mpaka wa upasuaji kwa sababu ya kabari. Mkono ukilala juu ya kaseti yenyewe, mifupa iko sentimita 2 hivi juu yake, ukuzaji ni asilimia 2, na huo tunausamehe.

Pembe hazijali ukuzaji; urefu unajali. Kanuni hiyo ndogo ingesaidia sana hapa mjini, kwa sababu picha nyingi siku hizi hupigwa kwa mashine za kidijitali na kisha huchapishwa kwenye filamu. Printa haichapishi kwa ukubwa wa kweli. Inabana picha mbili au nne ziingie kwenye karatasi moja. Kifundo cha mtu mzima kinatoka cha mtoto. Anayeweka rula juu ya filamu hiyo na kuandika "kimo milimita 8" hajapima kitu. Filamu iwe na mstari wa skeli pembeni, wenye milimita zake, na mpimaji autumie. Kwenye kompyuta ya mashine skeli ipo tayari ndani ya faili la DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali): kila nukta ya picha ina ukubwa wake unaojulikana, kwenye mashine nyingi kati ya milimita 0.1 na 0.2. Ikibidi kufanya kazi na vifaa duni, weka sarafu mezani kandokando ya mkono, kwenye usawa wa mifupa, na uipime kipenyo kwa vernia.

Picha ya simu ni tatizo la aina yake. Filamu imebandikwa dirishani, ndugu wa mgonjwa kaipiga kwa simu, kaituma WhatsApp kwa daktari aliye mkoani. Tunaelewa kwa nini watu wanafanya hivyo, na kwa kuuliza "je, kuna mvunjiko mkubwa?" inasaidia. Kwa kupimia haifai. Skeli imepotea. Pembe nazo, ambazo tumesema hazijali ukuzaji, zinaharibiwa na mshazari wa simu. Ukiielekeza simu ikiwa imepinda nyuzi 30 kutoka uso wa filamu, mwinamo wa nyuzi 22 unasomeka 25 au 19, kutegemea simu imepinda upande gani. Ikiwa hakuna njia nyingine, simu ishikwe sambamba kabisa na filamu, katikati yake, na kingo zote nne za filamu zionekane ili mpokeaji aone kama mstatili umebaki mstatili.

Kuna kipimo kimoja tunachokipenda kwa mazingira yetu kwa sababu hakihitaji skeli. Youm na wenzake walikitoa mwaka 1978. Pima kutoka uso wa rediasi hadi kitako cha metakapali ya 3, ukifuata mstari wa metakapali hiyo. Gawanya kwa urefu wa metakapali yenyewe. Jibu la kawaida ni 0.54, likizidi au kupungua 0.03. Milimita 34 kwa 63 ni 0.54. Printa ikibana picha hadi asilimia 70, utasoma 23.8 kwa 44.1, na jibu linabaki 0.54. Ikishuka chini ya 0.51, safu za mifupa midogo zimeanza kuporomoka, kama inavyotokea lunati inapokufa kwa kukosa damu au yabisi inapoula kiungo. Metakapali ikikatwa kwenye picha, urefu wa kapiteti unaweza kushika nafasi yake, na hapo kawaida ni 1.57, likizidi au kupungua 0.05.

Mifupa midogo nayo ina lugha yake. Kwenye picha ya kiganja chini kuna mikunjo mitatu laini iliyoelezwa na Gilula mwaka 1979: wa kwanza unafuata mgongo wa safu ya kwanza, wa pili tumbo lake, wa tatu kichwa cha kapiteti na hameti. Mkunjo ukivunjika kama ngazi, simama hapo. Nafasi kati ya skafoidi na lunati huwa milimita 2 au pungufu. Ikipita 3 tunashuku kano, lakini tunalinganisha kwanza na mkono wa pili. Kwenye ubavu, pembe kati ya mhimili wa skafoidi na wa lunati huwa nyuzi 30 hadi 60, wastani 47. Kati ya 60 na 80 ni eneo la mashaka, kwa hiyo picha irudiwe kifundo kikiwa kimenyooka sawasawa, maana kikikunjwa mifupa hiyo inageuka yenyewe. Na skafoidi iliyopasuka inaweza isionekane kabisa siku ya kwanza. Kama panauma kwenye shimo la chini ya kidole gumba, mkono ufungwe, picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, au mgonjwa akiwa na uwezo apelekwe CT au MRI, mashine za picha za kina zaidi.

Altrasaundi tuigusie kidogo, kwa sababu mashine zake zimeenea na watu wenye ganzi ya vidole usiku ni wengi: mafundi cherehani, mama lishe, wachapaji. Neva ya kati inapimwa eneo lake pale inapoingia kwenye mfereji wa kifundo, usawa wa pisifomu, kwa kufuata ukingo wa ndani wa ile pete nyeupe inayoizunguka. Chini ya milimita za mraba 10 kwa kawaida haitutishi. Lakini tazama ilivyo nyepesi kupotoka. Neva yenye upana wa milimita 6 na unene wa milimita 2 ina eneo la 9.4. Ongeza nusu milimita ya unene, ni 11.8. Kichwa cha mashine kikiinama nyuzi 30 badala ya kusimama wima juu ya neva, ile 9.4 inasomeka 10.9, na mtu mwenye afya kawa mgonjwa. Kishikwe wima, kisigandamize ngozi, jeli iwe ya kutosha, na kipimo kirudiwe mara tatu.

Baada ya yote hayo linabaki swali la msingi: namba hizi za "kawaida" ni za nani? Nyingi zinazotajwa vitabuni zilitokana na kupima watu wa Marekani na Ulaya. Hatusemi ni za uongo. Tunasema mipaka yake ni mipana, inabadilika na umri na jinsia, na mtu mmoja anaweza kuwa na mwinamo wa nyuzi 16 tangu ujana wake bila kuumwa. Mwaka 1928 Hultén wa Sweden aliona kwamba wenye ugonjwa ule wa lunati kufa kwa kukosa damu, ulioelezwa na Kienböck mwaka 1910, wengi wao walikuwa na alna fupi. Waliofuata, walipolinganisha wagonjwa na watu wasio na ugonjwa huo wa umri na jinsia ileile, hawakuona uhusiano ule kwa uwazi uleule. Kundi la kulinganishia lilikuwa ndilo tatizo.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja dawa ipo: mkono wake wa pili. Pale milimita 2 au nyuzi 5 zinaamua matibabu, pigeni picha za vifundo vyote viwili, kwa kiti kilekile na kabari ileile. Mionzi isiwe kisingizio. Picha ya kifundo ni kama milisiverti 0.001, kiasi ambacho mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa saa tatu hivi. Bei ndiyo kikwazo cha kweli, na hapo tunawaomba wenye vituo waifikirie picha ya ulinganisho kama sehemu ya picha ya kwanza.

Kwa jamii nzima inawezekana kupata namba zetu wenyewe kutokana na picha ambazo tayari zimelala kwenye kompyuta za hospitali zetu, bila kumpiga mtu yeyote picha mpya na kwa ruhusa ya kamati za maadili. Tunapendekeza vijumuishwe vifundo vya watu wa miaka 18 na kuendelea ambao hawana mvunjiko wa zamani, yabisi wala ulemavu. Kila picha ikaguliwe kwanza kwa kijimwiba na kwa pisifomu. Isiyopita iachwe, hata kama zitaachwa nusu. Wapimaji wawe wawili, wasioonyeshana majibu, na kila mmoja apime tena picha zilezile baada ya wiki kadhaa. Watu wawili wakipima picha moja hutofautiana nyuzi 2 au 3 kwa urahisi, na tofauti hiyo ichapishwe pamoja na wastani. Umri, jinsia, mkono wa kulia au kushoto, na mkono mtu anaoutumia zaidi viandikwe. Majina ya wagonjwa yafutwe kabla faili halijatoka kwenye mashine.

Watoto wasichanganywe humo. Kapiteti na hameti huanza kuonekana ndani ya miezi michache ya kwanza, pisifomu hadi miaka 8 na kuendelea, na sahani ya ukuaji ya rediasi (gegedu ambamo mfupa hurefuka) hufunga mwishoni mwa balehe. Kitabu cha picha za mkono wa kushoto cha Greulich na Pyle, kinachotumika duniani kote kukadiria umri wa mifupa, kilitokana na watoto wa familia zenye nafasi za Cleveland, Ohio, waliopigwa picha miaka ya 1930 na mapema 1940. Wapenzi wa soka wanalijua jambo hili kwa upande mwingine, maana FIFA ilianza kutumia MRI ya kifundo kwenye mashindano ya chini ya miaka 17 mwaka 2009, na jiji letu liliandaa fainali za Afrika za umri huo mwaka 2019. MRI haina mionzi, na inajibu swali moja tu: sahani ya rediasi imefunga au bado. Haimwambii mtu tarehe ya kuzaliwa.

Tunachoomba kwenye karatasi ya majibu ni mistari minne. Wa kwanza: mkono ulilazwaje, na kama picha ilipita ukaguzi wa kijimwiba na pisifomu. Wa pili: mwinamo, kimo, tofauti ya alna na mlalo, kila kimoja na alama yake ya kujumlisha au kutoa. Wa tatu: vipimo vilevile vya mkono wa pili kama ulipigwa. Wa nne: vilipimwa wapi, kwenye kompyuta yenye skeli au kwenye filamu. Na mgonjwa apewe faili halisi kwenye CD au flashi, alipeleke mwenyewe atakakotibiwa, iwe Taasisi ya Mifupa Muhimbili au hospitali ya mkoa wake. Kabla hajatoka dirishani aombe faili lifunguliwe mbele yake kwenye kompyuta ya pale, kwa sababu CD tupu hutolewa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na picha zikishafutwa kwenye mashine ili kupata nafasi, hazirudi.

Sisi wasomaji wako,
Wapiga picha na wapimaji wa eksirei,
Ilala, Dar es Salaam